Siku Tuliyopeleka Posa Shuleni

Nianze kwa kukiri, maana hapa Mtaa wa Kongo siri haina maisha marefu na najua wengi wenu mmeshausikia mkasa huu kwa vipande: ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyeingia kwenye geti la shule ya kimataifa na basi dogo la Kosta lililofungwa riboni, watu kumi na wanne tumevaa sare, kwenda kumwombea nafasi ya darasa la kwanza mtoto mmoja wa miaka sita. Ila wanaosema tulikuwa na matarumbeta wamezidisha chumvi. Matarumbeta hayakuwepo (wifi yangu aliyaulizia, tukaambiwa siku hiyo yana kazi Temeke).

Mtoto mwenyewe ni Salma, wa kwanza wangu. Mnamjua. Huyu alikuwa anakaa katikati ya mabeseni pale dukani kwangu akiita wateja kwa sauti ya mtu mzima, "Karibu mama, angalia bila kununua!", mpaka wauza mashuka wa jirani wakawa wananiomba niwaazime. Sasa tangu tulipomwanzisha shule moja ya karibu na nyumbani, mtoto akaanza kupungua maneno. Kila siku kidogo kidogo. Akirudi anakaa, anatazama ukuta, na chupa yake ya maji inarudi imejaa vilevile kama nilivyoijaza asubuhi. Mwalimu akaniambia mtoto ni mzito. Wifi yangu Zainabu, dada wa mume wangu, akasema mtoto ameangaliwa kwa jicho baya. Mimi kwa akili zangu za muuza vyombo nikaona tatizo ni chupa, nikambadilishia: ya kwanza ya bluu isiyo na picha, nikaleta yenye binti mfalme, nikaleta yenye mrija, nikaleta inayowaka taa. Zote zikarudi zimejaa.

Ndipo Mama Glory akanifungua macho. Mama Glory ni jirani yangu wa duka, mtu wa Moshi, watoto wake wanasoma shule za kimataifa tangu wanaanza kutembea. Akaniambia, "Mwenzangu, shule ya mtoto haichaguliwi kwa ukaribu kama bucha. Unaenda, unakagua, unauliza." Akanitajia vya kuuliza, nami nikaviandika kwenye kipande cha boksi: wanafuata mtaala wa nchi gani, walimu wametoka wapi, bwawa la kuogelea lina kina gani, basi lina kiyoyozi, chakula wanapika wenyewe au kinaletwa. Akanisaidia kutuma maombi kwenye shule moja ya upande wa Upanga, na baada ya wiki wakajibu: wazazi na mtoto mnakaribishwa Jumatano saa nne asubuhi. Wazazi na mtoto. Watu watatu. Mume wangu alisoma, Mama Glory alisoma, na mimi nilisoma, kwa hiyo sina cha kujitetea.

Kilichoniponza ni neno moja alilolitupa Mama Glory wakati anafunga duka. "Ila ujiandae, pale wanamhoji mzazi kwanza."

Jamani, mimi niliishia la saba kule Lindi. Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi. Najua upande wa kuweka juu, najua kinachovunjika, najua kilipotengenezwa, basi. Nikajiona nimekaa mbele ya Mzungu, ananiuliza mambo ya malezi, na mimi namjibu shehena imetoka China. Nikakosa raha siku mbili. Siku ya tatu nikakata shauri, na hilo shauri dogo ndilo lililozaa mengine yote: nikampigia simu Mjomba Ismaili.

Sasa kwa wasiotujua watu wa kusini, kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Jambo zito mzazi halisemi mwenyewe, linasemwa na mjomba. Na Mjomba Ismaili si wa kawaida, amekuwa mshenga wa posa tisa katika ukoo wetu na zote tisa zimekubaliwa, pamoja na ile ya binamu yangu ambaye hata sisi ndugu zake tulikuwa tunamwonea huruma bibi harusi. Nikasema, huyu akinisindikiza tu, akasema yeye, mimi nitatingisha kichwa.

"Mpwa wangu," akanijibu kwenye simu, "hilo limekwisha. Lakini mshenga haendi peke yake kama mdai. Nakuja na wenzangu wawili, na mama yenu mkubwa akae upande wa wanawake."

Hao wanne. Wifi Zainabu akasikia, si kwangu, kwa muuza ndizi. Akaja dukani ameshika kiuno. "Mtoto wa kaka yangu anapelekwa kwenye jambo, na mimi shangazi yake nasikia barabarani?" Nikamwomba radhi, nikamwambia karibu, akasema atakuja na mashosti zake saba, na kwa vile yeye anauza vitenge, kesho yake akaleta kitenge cha njano cha kutosha wote. Ukishakuwa na sare huwezi kwenda kwa miguu, kwa hiyo ikakodiwa Kosta. Mjomba akaagiza korosho kutoka nyumbani, sinia mbili, zikafunikwa kwa karatasi ya kung'aa. Mume wangu, ambaye ana duka la vipuri pale Gerezani na maneno yake kwa siku yanahesabika, alinitazama ninavyopanga sinia akasema, "Mama Salma, wale wamesema wazazi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hawa wanasindikiza tu. Akaenda kunawa grisi mikononi.

Jumatano ikafika. Dereva wa Kosta amezoea harusi, masikini, hakuna aliyemweleza. Kaja na riboni zake, kawasha taa za hazadi, na tulipofika Mnazi Mmoja akaanza kupiga honi ile ya kuimba, watu wakawa wanatupungia, na wifi yangu anawapungia. Salma nimempakata, kavaa gauni jeupe, hasemi kitu. Nilimwona ananitazama usoni, nikafikiri anafurahia.

Getini mlinzi akachungulia dirishani. "Ukumbi uko mtaa wa pili, huku ni shule."

"Hapo hapo!" akajibu Mjomba.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na viti viwili vya wazazi na kimoja kidogo cha mtoto, mezani zimewekwa karatasi na penseli za rangi. Viti vitatu kwa watu watatu, moyo wangu ukaanza kushuka hapo. Tukaingia saba, wengine na sinia zao wakabaki kwenye veranda, na waliokosa viti wakaletewa vile vya chekechea, wazee wazima magoti yamefika kidevuni. Na Mzungu niliyemwogopa wiki nzima hakuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, Mtanzania kama mimi, akapita kwa Mjomba akainama kidogo: "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

Hapo ningeweza kuokoa jahazi. Ningesema, samahani mwalimu, hawa wananisubiri nje, na yangeisha. Badala yake nikamtazama Mjomba. Mjomba akasimama, akakohoa, akaanza.

"Sisi ni wapita njia. Katika kupita kwetu tumeona nyumba hii imetulia, ina heshima, tukasema hatuwezi kupita bila kubisha hodi. Tunaye binti. Hana doa, hana mkono mrefu, wala hajawahi kuahidiwa kwingine." (Alikuwa na shule nyingine tayari, lakini tuyaache.) "Tumekuja kuomba nyumba hii impokee."

Mwalimu mkuu alikuwa anajitahidi, namshukuru mpaka leo, midomo ameibana na anatingisha kichwa kwa adabu. Kisha Mjomba akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa bahasha, akaiweka mezani na kuisukuma kwa vidole viwili.

"Na hiki ni kifungua mlango."

Kwenye posa hicho ni kitu cha kawaida kabisa, kidogo tu, cha heshima, kusudi wenyeji wafungue mazungumzo. Lakini pale ilikuwa ni bahasha, meza ya mwalimu mkuu, na mtu anayeomba nafasi. Na ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Mjomba, kuna tangazo jekundu lenye neno RUSHWA ambalo hata mimi wa la saba nililisoma vizuri.

Mwalimu mkuu akasimama. Tabasamu lote likaondoka. Akaenda akafungua mlango wazi kabisa, watu wa nje waone ndani, na akasema taratibu, "Mzee wangu, naomba uirudishe hiyo mfukoni sasa hivi."

Wifi Zainabu yuko verandani. Hakusikia maneno, aliona mlango umefunguliwa. Na kwenye posa, mlango ukifunguliwa maana yake tumekubaliwa.

Vigelegele alivyopiga yule mwanamke! Mashosti wakapokea, sinia zikainuliwa juu, madarasa yakafunguka, watoto wakamiminika na sare zao za kijivu, na mtoto mmoja wa Kihindi akaanza kupiga makofi akidhani ni sikukuu. Mimi nimekaa, uso unaniwaka, nimeshika kipande changu cha boksi. Nilitamani nirudi dukani nijifunike na beseni kubwa kuliko yote.

Kelele zilipotulia mwalimu mkuu akarudi mezani, na nikajua kwa alivyofunga jalada la maombi yetu kwamba tumeshaharibu. "Nafikiri tuishie hapa kwa leo," akasema. Halafu akanigeukia. "Lakini mama, wewe ndiye mzazi na hujasema hata neno. Huna swali?"

Nikatazama boksi langu. Bwawa. Kiyoyozi. Mtaala. Nikatingisha kichwa kwamba sina.

Akachuchumaa mbele ya Salma. "Na wewe je? Una swali?"

Mjomba akafungua mdomo kumjibia, na mume wangu, ambaye tangu asubuhi hajasema kitu, akamshika goti. "Mjomba, mwache."

Salma alitazama mlango ulio wazi, akamtazama yule mwalimu, na kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake akauliza, "Choo kiko wapi?"

"Unaona ule mlango wa bluu? Pale."

"Nikiomba kwenda wakati tunasoma, mwalimu atakataa?"

"Hakatai."

"Akisema nimeshaenda?"

"Unakwenda tena."

Salma akafikiri. "Hata mara mbili?"

"Hata mara kumi."

Mwanangu akashusha pumzi, jamani, pumzi ya mtu aliyetua gunia, na mimi nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Zile chupa nne. Mtoto alikuwa hanywi maji kutwa nzima kwenye joto hili la Dar es Salaam kwa sababu alikuwa anaogopa kubanwa, na mwalimu aliyekuwa ananiambia mtoto ni mzito ndiye aliyekuwa anamnyima ruhusa. (Baadaye Salma alinieleza kwamba siku moja alishindwa kujizuia, darasa zima likamcheka, na mwalimu akamwacha hivyo hivyo mpaka saa ya kutoka.) Aibu ya Kosta na vigelegele niliiona ndogo. Nilibadilisha chupa nne, nikaita wajomba na mashangazi, sikumuuliza mwenyewe. Nililia pale pale, na mwalimu mkuu akanisogezea boksi la tishu.

Tulipoagana akakubali kupokea korosho, lakini akaamuru zipelekwe jikoni kwa watoto wote.

Ndani ya Kosta hakuna aliyepiga honi. Mjomba amejikunja kwenye kiti cha mbele, anatazama bahasha yake, anasema peke yake, "Tisa zote, tisa." Salma akaomba maji. Nikampa chupa, akanywa, akanywa, akaimaliza, akaomba ya baba yake akamaliza na hiyo. Tukafika Mnazi Mmoja, akaninong'oneza. Nikamwambia mwanangu vumilia kidogo, tumekaribia nyumbani.

"Dereva!" Mjomba akapiga kelele mpaka tukaruka. "Simamisha gari!"

Tukashuka wote, nafikiri kwa mazoea tu. Wazee, mashosti, vitenge vya njano, tumempanga Salma katikati, mpaka choo cha kulipia. Kijana wa mlangoni akatutazama akachoka.

"Mko wangapi?"

"Anaingia mmoja," akasema wifi Zainabu.

"Na nyie?"

"Sisi tumemsindikiza."

Alipotoka wifi akapiga kigelegele kimoja, kifupi, na safari hii sikumzuia.

Kesho yake nilikwenda ile shule ya zamani peke yangu, bila mshenga, na niliyoyasema huko hayakuhitaji Kiingereza. Upanga walituandikia baada ya wiki mbili kwamba nafasi ipo, na mstari wa mwisho ulisema siku ya kuripoti wanaomba waje wazazi wawili tu. Mjomba ameihesabu kuwa posa yake ya kumi. Mimi nimeapa, mbele ya Mama Glory na mabeseni yangu, sipeleki tena mshenga kwa mwalimu, na nikiulizwa na mzazi mwenzangu kuhusu kuchagua shule namwambia bwawa utaliona mwenyewe, wewe anza kuuliza choo, na kabla ya hapo muulize mtoto wako.

Na chupa tumerudia ile ile ya kwanza, ya bluu, isiyo na picha. Jioni naipokea mlangoni, naitikisa karibu na sikio. Tupu kabisa.