Gesare na Jina la Baba

Pale soko la Kebirigo, katika nchi ya Wakisii, ukiuliza Gesare Anyona ni nani, utaambiwa ni yule msichana wa vitabu vya matanga. Hawakosei. Kwa miaka mitatu, kila marehemu kutoka soko hilo hadi Gesima amezikwa kwa kijitabu cha ratiba chenye picha aliyoisafisha yeye kwenye laptopu yake, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo. Watu wa matanga hawana subira, na aliyekufa haji kusahihisha jina lake, kwa hiyo Gesare alijizoeza kusoma kila neno mara tatu.

Kazi aliyoipenda hasa ni kuchora app za simu. Aliifanya Nairobi miaka minne, akarudi babake alipofariki, kwa sababu mamake, Nyakerario, alibaki na shamba la majani chai na magoti yaliyogoma kupanda mlima. Sasa kampuni yake ya zamani ilikuwa inamwita tena na ilitaka jibu kufikia Jumatatu. Angeenda tu, asipopata kazi nyumbani. Na kazi ya nyumbani ilikuwa moja: shirika fulani la afya lilitaka app ya kuandikisha chanjo za watoto, likampa nafasi ya kutengeneza ya majaribio. Sharti lilikuwa fupi. Walezi watano waijaribu, na wote watano wamalize bila kusaidiwa.

Programu anayochoria ilikuwa imeongezewa mambo mapya mwezi huo. Zamani skrini moja ingemla siku nzima. Sasa aliandika sentensi mbili tu, skrini kumi na mbili zikajitokeza zikiwa zimeshikana, ukibonyeza hapa unapelekwa pale. Zilisoma maswali kwa sauti, zikasikiliza majibu na kuyaandika. Jaribio likiisha, programu yenyewe hutoa ripoti ya nani amemaliza na nani amekwama wapi. Nani asiyependa kutuliwa mzigo? Gesare alipitia maneno yote mara tatu kama desturi yake, akaridhika.

Alhamisi asubuhi walikutana kwenye zahanati moja upande wa Gesima. Afisa wa shirika, Farhiya, alitoka mji wa Kisii, akaketi kando na daftari lake. Farhiya ni mtoto wa mjini, wa familia ya biashara. Kiswahili chake kimenyooka, lakini Kikisii chake kinaishia kwenye salamu. Akina mama wanne vijana walimaliza upesi. Wa tano alikuwa Mong'ina, bibi wa miaka sabini hivi, na mjukuu mgongoni.

"Jina la mama ni nani?" simu ikauliza.

"Mong'ina," bibi akajibu, maana huko sokoni kila mtu humwita mama, akadhani anaulizwa yeye.

"Jina la baba ni nani?"

"Kerubo."

Akaendelea hadi mwisho bila kukwama. Ripoti ikatoka kijani tupu: watano kwa watano, kosa hakuna.

"Hongera, dada," Farhiya akasema. "Hii hata bosi wangu hataikataa."

Gesare alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha furaha ikamtoka. Kerubo ni jina la mwanamke. Na kwa Kikisii, "baba" ni mama. Baba mzazi ni "tata". Kila Mkisii huanza maisha akimwita mamake baba, halafu anaingia darasa la kwanza na mwalimu wa Kiswahili anampindulia dunia. Mong'ina hakukaa shuleni muda wa kupinduliwa. Ameulizwa baba, akamtaja aliyemzaa mtoto. Gesare mwenyewe humwita Nyakerario baba mpaka leo, na neno hilo alilisoma mara tatu bila kushtuka.

Angeweza kunyamaza. Moyo ulimwambia anyamaze, na wala haukunong'ona: apewe kazi kwanza, arekebishe baadaye polepole, Nairobi waambiwe hapana. Lakini aliwaza juu ya mtoto yule aliyeandikwa kuwa amezaliwa na kikongwe na baba aitwaye Kerubo, akaona haya.

"Madam, huyu hajapita," akasema.

"Ripoti inasema amepita."

"Ripoti haijui Kikisii." Akaeleza yote. "Kosa si lake, ni langu. Mimi ni wa hapa na sikuliona."

Farhiya alikata neno "watano" kwenye daftari, akaandika "wanne". Gesare alimwona akiandika, na macho yakamlowa. Hakungoja kuambiwa chochote. Alivuta laptopu, akaandika swali jipya, na programu ikalibadilisha kwenye skrini zote kwa mpigo mmoja.

"Magokoro," akamwita bibi kwa heshima, "turudie hapa tu."

"Ni nani aliyemzaa mtoto huyu?" simu ikauliza.

Mong'ina alimfungua mjukuu mgongoni, akampakata.

"Kerubo. Ni msichana wangu. Lakini hayuko, alituacha siku ile ya kuzaa."

Simu iliandika Kerubo, kisha ikaomba namba ya simu ya mama, ambapo mara ya kwanza Mong'ina alikuwa ametoa yake. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mama amefariki.

Farhiya aliinama, akakitazama kile kisanduku kitupu cha namba.

"Kwa hiyo hii app haijaisha," akasema.

"Haijaisha, madam."

"Na watoto wanaolelewa na bibi zao huku, ni wengi?"

"Ni wengi."

"Ripoti za kijani ninazo za kutosha ofisini. Ninachokosa ni mtu wa kuketi na hawa bibi, zahanati kwa zahanati, asikie wanachosema." Akafunga daftari. "Unaweza kukaa huku mpaka lini?"

Gesare alijaribu kujibu kama mtu wa kazi, akashindwa.

"Madam," akasema, "huku ni kwetu."