Upepo Ndani ya Pampu ya Dada

Mtu aliyesoma chuo kikuu hapaswi kukutwa akiifukiza pampu ubani. Mimi nilikutwa.

Dada yangu aliposafiri aliniachia nyumba yake ya Mtoni niiangalie. Siku ya kurudi kwake nikasafisha chujio la bwawa lake la kuogelea, nikijiona hodari. Basi zile jeti, vitundu vya ukutani vinavyorusha maji ya kumkanda mgongo wake mbovu, zikaanza kutoa maji kama udenda wa mtoto. Nikampigia fundi, Bi Zuhura. Alikuwa hitimani, akaninong'oneza: "Hiyo pampu ishaingia upepo. Usiiguse, nnakuja."

Kwetu, upepo ukitajwa kwa kunong'ona, ni shetani. Nikawasha chetezo, nikaizunguka pampu nikimsihi mgeni aondoke kwa heshima kabla dada hajafika.

"Kaka," Bi Zuhura akanigutusha kwa upole kutoka nyuma yangu, "upepo ni hewa. Ulipofungua chujio imenasa ndani."

Akalegeza skrubu moja, hewa ikatoka fyuuu, jeti zikafoka. Nikageuka nifiche chetezo. Dada alikuwa kasimama mlangoni na mabegi yake.

"Endelea, mdogo wangu," akasema. "Huyo hewa keshatoka, au anataka na halua?"