Soda Aliyoninyang'anya Mama Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja kule Shauri Moyo, nikiwa nimembeba baba yako tumboni, chumba chetu kimejaa akina mama wa kanisa hata mlango haufungiki, mama mkwe wangu akaninyang'anya chupa ya soda mbele za watu. Ndiyo, Nanjala, alininyang'anya. Usicheke kwanza. Vuta kiti, weka miguu juu ya hicho kigoda nikusimulie vizuri, maana tangu uingie hapa kwa bibi yako naona unajikaza usilie, na mtu mwenye mimba hafai kujikaza.

Umeniambia kliniki wamekupata na sukari, hii ya mimba. Umeniambia pia kwamba jana kwa wakwe zako Buruburu uliandaliwa wali, chapati na juisi, ukala vyote kwa heshima, na leo hujatia kitu mdomoni tangu uamke, eti unafidia ya jana. "Shosho, sasa ningekataaje?" Hivyo ndivyo ulivyoniuliza. Mwanangu, swali hilo nililiuliza mimi kabla baba yako hajazaliwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mimi nilikuwa msichana wa Kikamba, nimeolewa na babu yako Wafula, Mbukusu wa Bungoma, fundi wa mashine kiwandani. Mimba ile ilikuwa ya kwanza, basi mama yake akafunga safari kuja kuniangalia. Mama Wafula! Mwanamke mrefu, sauti yake ikisikika mpaka nyumba ya pili, na mimi nikimwogopa kwelikweli. Alikuja na kuku, ndizi mbivu na njugu, akatangaza kwamba mke wa mwanawe hatakonda yeye akiwa hai.

Na chai yake, jamani! Kwao chai ni maziwa, na sukari inamwagwa humo humo kwenye sufuria ikichemka, huulizwi kama unataka. Nyumba inayokupa chai isiyo na sukari imeaibika, watu watatoka hapo wakisema mwanamume wa nyumba hiyo ameshindwa. Kwa hiyo mimi nilikunywa. Akiongeza, nikanywa. Nikishiba, ananiambia, "Kula, wewe ni wawili," nami nakula.

Kisha kliniki wakanipima, wakaniambia sukari imepanda. Mama Wafula alikuwa amekataa kubaki nje, ameketi kando yangu na mkoba wake magotini. Nesi akatueleza taratibu kwamba si uchawi wala si laana, ni mwili wa mimba unaoshindwa kuitumia sukari vizuri. Ile inayozidi inamfikia mtoto tumboni, anakua kupita kiasi, na siku ya kuzaliwa anaweza kukwama. Mama Wafula akauliza, "Mkubwa kiasi gani?" Nesi akamwonyesha kwa mikono. Mama yule wa maneno mengi akanyamaza, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakunisemesha.

Nilijua amekasirika. Nilijiambia, ameona mwanawe ameoa mke mgonjwa. Tulipofika, alifunga mlango mchana kweupe, akapika chai, akanimiminia yangu kabla hajatia sukari kwenye sufuria. Halafu akachungulia dirishani kuona kama jirani ameona. Tulikunywa, mimi nikitamani kulia.

Basi tukaendelea hivyo, kwa mlango kufungwa, mpaka ile Jumamosi. Akina mama wa kanisa walikuja kuniona, kama ilivyo desturi, na desturi haiji mikono mitupu. Mandazi kwenye beseni, mkate, kreti ya soda. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku ile wageni walikuwa wamekuja kunimaliza kwa mapenzi yao! Kiongozi wao, tuliyemwita Mama Ruth, alifungua soda ya machungwa kwa meno, akanishikisha. "Kunywa, binti yangu, mtoto apate nguvu."

Nilimtazama Mama Wafula. Alikuwa anatazama sakafu. Nikasema moyoni, kama yeye mwenyewe amenyamaza, mimi ni nani hata niwaaibishe wageni wake? Nikainua chupa. Nilikuwa sijaonja hata tone, nikashtukia imetoka mkononi mwangu. Mama mmoja akacheka, akidhani Mama Wafula ana kiu.

"Hanywi," alisema Mama Wafula. "Ana sukari ya mimba. Hii soda hanywi, na mandazi hali."

Mama Ruth akajaribu kulainisha mambo: "Lakini Mama Wafula, kidogo tu, si ni furaha ya mtoto?"

"Mtoto gani?" Sauti ya Mama Wafula ilikuwa imeshuka, hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Mimi kabla ya Wafula nilikuwa na mwingine. Alikuwa mkubwa, kila aliyemwona alisema hajawahi kuona mtoto mkubwa hivyo. Alikwama njiani mpaka akafa. Walisema nimelogwa. Wengine walisema nina jicho baya. Miaka yote hii nimekaa nikijiuliza nilimkosea nani. Sijui kama ilikuwa hii sukari, kliniki hatukuwa nayo. Lakini juzi nesi alipofungua mikono yake, nilimwona mtoto wangu. Sitakaa hapa nione mwingine akilishwa hivyo kwa sababu tunaona haya."

Mwanangu, nililia. Mama Ruth alilia. Yeye mwenyewe hakulia, alinigeukia mimi na ukali wake wote ukarudi. "Na wewe! Mungu alikupa mdomo wa nini? Kama nisingekunyang'anya, ungeinywa?"

"Ningeinywa, Mama."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima yako, Mama."

"Heshima gani hiyo? Mtoto wangu alikufa nikiwa sijui. Wewe unajua! Mficha uchi hazai, binti wewe. Heshima ya kunyamaza mtu anapokuumiza bila kujua, hiyo si heshima, ni kumfanya awe na hatia asiyoijua. Unataka nizike mjukuu kisha nijue nilimlisha mimi?"

Nikashika tumbo langu kwa mikono miwili.

Mama Ruth alipangusa macho, akafunika beseni la mandazi na kitambaa. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: "Sasa huyu anakula nini?"

Hapo ndipo maisha yetu yalipobadilika. Mlango ukafunguliwa. Mama Wafula akawa anapika ugali wa mtama, kipande cha ukubwa wa ngumi yangu, halafu nusu ya sahani mboga: mrenda, saga, kunde, sukuma. Pembeni maharagwe au omena, wale dagaa, kutoka soko la Gikomba, siku nyingine yai. Katikati ya mchana njugu kidogo au kipande cha papai, si juisi yake. Chai bila sukari ikanywewa mlango wazi, na jirani akiuliza, anajibiwa mpaka anajuta kuuliza. Mimi nilipokosa hamu ya chakula, akaenda kumwuliza Mkamba mmoja muuza kamba sokoni jinsi muthokoi, chakula cha kwetu Ukambani, unavyopikwa, akanipikia, maharagwe mengi, mahindi kidogo. Ulikuwa mbaya, Mungu anisamehe, lakini niliula wote nikimpenda.

Na tukishakula, tunatembea. Mkono wangu ndani ya mkono wake, tunapita kwa mafundi wa masanduku, tunazunguka mpaka kwa wauza mitumba, yeye akibishana bei ya vitu asivyotaka kununua. Watu walicheka: "Mnaona mkwe anavyotembezwa!" Mimi sikujali tena. Kliniki hatukukosa, na sukari ikashuka ikatulia.

Baba yako alipozaliwa hakuwa mkubwa wala mdogo. Mama Wafula alisimama kwenye korido, na aliposikia kilio alimshika mkono mtu asiyemjua, akamwambia, "Huyo ni wetu. Analia. Umesikia? Analia!" Alipoingia kumshika, sikuona tena yule mwanamke niliyemwogopa. Alikaa na mtoto kifuani, akilia kimya, na nadhani siku ile alikuwa analilia wawili.

Sasa nisikilize, Nanjala. Kwanza utakula hapa kabla hujaondoka, nimechemsha ndengu na yai, na mboga ziko jikoni. Kushinda njaa si dawa. Ukikaa bila kula, wewe unatetemeka na mtoto anahangaika, kisha jioni unakula kwa pupa, sukari inaruka. Kula kidogo, kula kwa wakati, usiruke mlo. Ugali usiukimbie, upunguze. Soda, juisi, mandazi na mkate mweupe viache viwe vya wengine. Tembea baada ya kula, hata kama ni kuzunguka tu ploti mnayopanga hapo Kariobangi. Nenda kliniki kila wanapokuita, na wakisema chakula peke yake hakitoshi, wakakupa dawa, ipokee bila kuona haya. Mwili haukufeli mtihani wowote. Na ukishajifungua rudi wakupime tena, maana sukari hii huondoka, lakini wakati mwingine hubisha hodi baadaye.

La mwisho ndilo zito. Jumapili hii ukienda tena Buruburu, kabla hawajapakua, mwambie mama mkwe wako. Mwite pembeni, mshike mkono, umwambie, "Mama, nina sukari ya mimba, naomba unisaidie kumlinda mjukuu wako." Usimpe nafasi ya kukuumiza kwa upendo. Unamwogopa, najua. Lakini hujui yule mama amebeba nini kifuani, wala amezika nini. Unaweza kukuta anayekuandalia juisi ndiye atakayesimama mlangoni kuizuia.

Na akikasirika? Akikasirika, mwambie Shosho wako ndiye aliyekutuma, nami mguu wangu bado unafika Buruburu.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe sahani yenye kiasi na watu wasioona haya kukulinda. Akupe uchungu mfupi, na mtoto mwenye kilio cha kuamsha ploti nzima. Haya, nawa mikono ule.