Kupanda Meli Bila Msiba

Ukitaka kwenda kutembea kwa meli katika Ziwa Nyasa, jiandae kwanza kwa swali moja: nani amefariki? Utaulizwa na dereva wa lori la kushuka Mbamba Bay, utaulizwa na mkata tiketi, utaulizwa na abiria atakayeketi karibu nawe. Usijibu kwamba unakwenda kutembea tu. Mimi nilijibu hivyo, na mkata tiketi akanitazama kama mtu anayekimbia kesi. Bibi yangu, aliyekuwa nyuma yangu na kuku kwapani, akanisogeza pembeni akasema, "Tunakwenda kuona wagonjwa." Tiketi zikakatwa papo hapo.

"Wagonjwa gani, Bibi?" nilimuuliza tulipotoka dirishani.

"Kwani huko mbele hakuna wagonjwa?"

Safari yenyewe ilianzia jikoni kwetu Maguu, juu milimani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam nikarudi nyumbani kungoja kazi, na miaka hiyo kazi uliingoja kwelikweli, maana serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi kama ilivyowapangia kaka zetu. Nilishinda nikiuliza maswali. Kwa nini mizani ya mnunuzi wa kahawa husomwa na mnunuzi mwenyewe? Kwa nini wanaume hula kwanza? Babu alisema digrii yangu ilikuwa digrii ya kuuliza. Jioni moja, ili kubadili mazungumzo, nikamsimulia Bibi jarida nililoliona maktaba chuoni, lenye picha za meli ya starehe. Watu hupanda, hula, hulala, huzunguka bahari, kisha hushukia palepale walipopandia.

Bibi aliacha kukoroga maharage. "Palepale?"

"Palepale."

"Hawajapeleka kitu wala kuchukua kitu?"

"Hapana."

"Na hakuna anayewafukuza?"

"Hakuna, Bibi. Wanapumzika."

Akafikiri kidogo. "Basi na mimi nitakwenda hivyo. Tutakwenda wote, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa Babu naye aliniita mke wake.

Sikushangaa sana. Juu ya shamba letu la kahawa kuna jiwe kubwa, na hewa ikiwa safi, kutoka pale ziwa huonekana mbali chini, na meli ikipita huonekana kama punje ya mchele. Bibi alikuwa akipumzika juu ya jiwe hilo tangu alipoolewa, na tangu alipoolewa alikuwa na swali lake. Meli nayo inatuona?

"Kama mimi naiona, nayo inaniona," alisema.

"Meli haina macho," Babu alimjibu kutoka kizingitini. "Na ukiwa kule chini milima yote hii ni mgongo mmoja. Utaonyesha hapa, kumbe ni kwa watu."

Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Mwisho wakawekeana sharti. Bibi akipaona nyumbani kwake akiwa melini, Babu atachota maji kisimani wiki nzima, kwa ndoo, kichwani. Asipopaona, Bibi hatalitaja tena jambo la meli mpaka azikwe. Mimi nilitajwa kuwa shahidi, kwa sababu kila mtu alijua siamini kitu upesi. Moyoni nilikuwa upande wa Babu. Nyumba kwa umbali ule si kitu. Lakini nilimwona Bibi usoni na nikajua kwamba kwake hilo halikuwa mchezo. Alikuwa ameishi mahali pamoja maisha yake yote, na alitaka kujua kama mahali hapo panaonekana.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia vijijini, wakilipa taslimu siku hiyohiyo, si kama zamani tulipongoja malipo ya ushirika mpaka tukasahau kama tuliuza. Babu aliezeka ghala jipya kwa bati, likabaki bati moja ambalo aliliegemeza ukutani.

"Lipeleke juu ya jiwe," Bibi alimwambia siku ya kuondoka. "Jua likilipiga jioni, nitaliona."

"Nipande mlima na bati mgongoni kama kichaa? Halafu nijitwishe na ndoo?" Babu akacheka. "Hapo nitakuwa nimejishtaki mwenyewe."

Sasa nitasema yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Sisi tulikwenda baada ya kuuza kahawa, kwa sababu ndipo nauli ilipokuwepo. Hakuna aliyefikiria hewa. Wakati huo kila mtu, kuanzia kwetu hadi ufukweni, huchoma majani akingoja mvua, na moshi hulala kati ya milima na ziwa kama chandarua. Majira hayo hata sisi kutoka kwenye jiwe letu huwa hatulioni ziwa. Tulilijua hilo miaka yote, lakini hatukulikumbuka mpaka tulipokuwa melini. Kama unataka kuona milima, nenda mvua zikishaanza, au mwishoni mwa masika, kabla upepo wa katikati ya mwaka haujachafua maji.

Mizigo ni jambo jingine. Nilimwambia Bibi apunguze. Akafunga mablanketi mawili, sweta, unga, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, na kuku hai.

"Kuku wa nini?"

"Wa mwenyeji."

"Bibi, meli haina mwenyeji. Umelipa nauli."

"Kila nyumba ina mwenyewe. Nikalale kwa mtu mikono mitupu?"

Mwenye nyumba alipatikana. Alikuwa kapteni, mtu mnene aliyevaa kandambili, amesimama juu ya ngazi akigombeza wapakiaji. Bibi alimwendea moja kwa moja.

"Shikamoo, bibi," kapteni alisema, macho yakiwa kwa kuku.

"Marahaba, baba. Tumekuja kulala kwako. Huyu ni wako."

Nilitaka sitaha ipasuke nizame. Lakini kapteni alimpokea kuku kwa mikono miwili, akainama kidogo. Alisema katika kazi hii amepewa malalamiko ya kila aina, kuku hajawahi. "Ukiwa na shida yoyote, bibi, panda juu uniambie."

Nilikuwa nimelipia chumba, kwa kuwa nilisoma kwamba wasafiri wa meli hulala chumbani. Chumba chetu kilikuwa juu ya injini. Kiliunguruma na kilikuwa na joto la jiko la mkaa. Hatukukaa humo hata robo saa. Tulihamia sitahani, na huko tulifundishwa na mama mmoja wa Liuli, mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa Nyasa, aliyekuwa akipeleka magunia yake Itungi, bandari ya mwisho kaskazini, na kurudi. Alituonyesha pa kukaa, mbali na bomba la moshi na mbali na choo, upande wenye turubai.

"Hawa ni watu wa milimani," aliwaambia wenzake. "Tazameni walivyoshikilia vyuma. Maji wanayaogopa hata ya kunawa."

"Na nyie mnaogopa mlima," Bibi alimjibu. "Mkipanda hatua mbili mnaomba kubebwa."

Kuanzia hapo walikuwa marafiki. Upepo wa ziwa ulipoanza kuuma jioni, wote waliotucheka walikuja kuyapapasa mablanketi yetu, na mama wa usipa akaingia chini ya moja bila kukaribishwa. Kwa hiyo blanketi chukua. Kuhusu kichefuchefu, mama huyo alinihakikishia kwamba dawa ni kutafuna muhogo mkavu. Nilimuuliza muhogo unafanyaje kazi. Akasema tafuna kwanza, maswali baadaye. Nilitafuna. Karibu na Manda niliutapika muhogo wote, na mpaka leo sina ushahidi kwamba unasaidia.

Lakini nimeruka jambo. Kwenda kaskazini, nchi huwa upande wa kulia. Bibi alisimama upande huo tangu tulipong'oa nanga. Hapakuwa na milima. Palikuwa na ufuko, miembe michache, paa za nyasi, halafu ukungu wa kijivu, basi. Tulipofika Liuli, ambapo meli haina gati bali hutia nanga mbali kidogo na boti huja kuchukua watu na mizigo, Bibi alitazama muda wote ambao boti zilikwenda na kurudi. Nyuma ya Liuli, juu sana, ndipo kwetu palipopaswa kuwa.

"Labda moshi ukipungua," nilimwambia.

Alikaa chini akala maharage yake polepole, akiyatazama. Nilikuwa na maelezo kichwani kuhusu moshi na umbali na jinsi jicho linavyofanya kazi, na kwa mara moja maishani sikuyatoa.

Mbele zaidi mambo yalikuwa mazuri, sitaki kudanganya. Kuna mahali milima inaingia ziwani wima, bila kuacha hata mahali pa kupanda muhindi mmoja, na Bibi aliiangalia kwa huruma ya mkulima. "Na kule wanaishi watu?" aliuliza. Alipoambiwa ndiyo, akasema wanastahili kuombewa. Alikula samaki wa mbasa aliyechomwa, akalamba vidole. Aliimba na akina mama wa Kianglikana nyimbo ambazo maneno yake hayakuwa sawa na ya kanisa letu, na kila mmoja akaimba maneno ya kwao kwa nguvu zaidi. Alikuwa amefurahi. Lakini kila alipoulizwa na mtu anatoka wapi, alinyoosha mkono kusini kwenye ukungu, kisha akaushusha.

Mvua ya kwanza ilitukuta Itungi, meli ikipakia. Ilinyesha kwa hasira, ikaosha kila kitu, ikaacha turubai limejaa maji kama titi la ng'ombe. Tuliporudi kusini hewa ilikuwa nyingine kabisa. Wa kurudi kusini, kumbuka kuhamia upande wa kushoto. Alasiri utakuwa kivulini pia.

Tulitia nanga Liuli jua likiwa limeshaanza kushuka upande wa pili wa ziwa. Na hapo, juu ya kijiji, milima ilikuwa imetoka. Mgongo nyuma ya mgongo, ya buluu, mirefu kuliko nilivyowahi kufikiri, na yote ikifanana. Ilikuwa kama alivyosema Babu.

"Ni pale," Bibi alisema, akaonyesha. Halafu, "Hapana, pale." Kidole kikahama tena. "Twende kwa yule baba."

Kapteni alimkumbuka kuku. Alituingiza kwenye chumba cha usukani, akamvisha Bibi darubini shingoni. Bibi alifumba jicho moja, akafungua, akafumba la pili.

"Unaona nini?" niliuliza.

"Naona mwanamke anafua ufukweni. Hajui kufua."

"Inua juu zaidi."

"Juu ni buluu tupu." Aliivua akamrudishia kapteni, akatoka nje kwenye vyuma, akaweka kiganja juu ya macho yake mwenyewe. Mama wa usipa alikuwa chini yetu na magunia yake matupu, akingoja boti, naye akatazama alikokuwa akitazama Bibi.

Ndipo kikaonekana kitu. Karibu na kilele cha mgongo wa tatu, nukta ya mwanga. Ikazimika. Ikawaka tena.

Mimi nilianza kazi yangu. Inaweza kuwa paa la kanisa. Inaweza kuwa kioo cha gari, au maji ya mvua juu ya mwamba. Lakini paa haliwaki na kuzima, gari halikai mahali pamoja, na hapakuwa na wingu la kulifunika jua. Mwanga ukawaka ukakaa, ukazimika ukakaa, kama mtu anayeinua kitu kizito, anachoka, anakiinamisha, anapumzika, anainua tena. Niliuangalia mpaka maswali yakaniishia. Maguu walikuwa wanaiona punje yao ya mchele imesimama Liuli.

"Mjinga yule," Bibi alisema taratibu. "Mbuzi amemwachia nani?"

"Kuna nini huko, bibi?" mama wa usipa aliita kutoka chini.

"Mume wangu!"

"Anafanya nini mlimani saa hizi?"

"Anashindwa!" Bibi akavua khanga ya mabegani akaipunga juu ya kichwa chake, akicheka, mpaka boti ya mwisho ikaondoka na mama wa usipa ndani yake, naye akiupungia mlima bila kujua anampungia nani.

Tulipofika nyumbani, Babu alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe. Bati lilikuwa limeegemea ukutani palepale tulipoliacha, ila lilikuwa na tope jekundu upande mmoja na mikwaruzo mipya.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Meli ilikuwaje?"

"Babu, hili bati lilikwenda wapi?"

"Bati gani?"

"Hili lenye tope."

Alilitazama kama mgeni. "Aa. Mvua iliponyesha nilikuwa napanda jioni kuangalia kama ziwa limerudi. Jiwe lilikuwa na maji. Nilikwenda nalo la kukalia."

"Kila jioni?"

"Jiwe lilikuwa na maji kila jioni."

Bibi alitua mzigo, akaingia ndani, akatoka na ndoo, akaiweka kati ya miguu ya Babu juu ya vibanzi vya mti. Nilijiandaa kutoa ushahidi, lakini hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi Babu alishuka kisimani. Kule kwetu mzee wa umri wake hajitwishi ndoo, na wanawake waliokuwa kisimani wakaacha kuteka maji wote kwa pamoja. Mmoja wao ndiye aliyenisimulia.

"Shikamoo, Babu. Nyumbani salama?"

"Marahaba. Salama kabisa. Mke wangu alikwenda kutembea kwa meli."

"Alikwenda kwa nani?"

"Hakwenda kwa mtu. Alikwenda akarudi."

Hawakumwamini hata kidogo. Kabla ndoo haijafika nyumbani, wawili kati yao walikuwa wamekwisha kujifunga khanga vizuri na kufika mlangoni kwetu, wakiuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.