Shangazi Alivyochomoa Plagi ya Radi

Shangazi yangu alikuwa mpishi mkuu wa bwalo la chuo kikuu kwa miaka thelathini na mmoja. Wapishi wenzake walimpa jina la Komando, na si kwa sababu ya umbo lake, maana ukisimama naye anakufika begani. Ni ule mdomo.

Siku ninayotaka kuisimulia, ukumbi mkubwa wa chuo ulikuwa unapakwa rangi. Katibu wa burudani wa wanafunzi akaja bwaloni na barua: saa kumi alasiri bendi ya roki itapiga hapo bwaloni badala ya ukumbini, kwa hiyo wapishi wapishe. Wakati huo wapishi kumi na mmoja walikuwa wanamenya viazi humo humo, kwa kuwa sinki la jikoni lilikuwa limeziba na sakafu imejaa maji.

Shangazi aliisoma barua yote, hadi muhuri. "Mwanangu, na saa kumi na mbili wenzako mia sita watakula nini? Nyaya za magitaa?"

Wakaelewana. Bendi ipige, wapishi wamenye. Kisha ikaonekana soketi nzima ni moja tu, ile ya friji. Shangazi akawapa saa moja, kwa sababu ya nyama.

Mwimbaji alikuwa kijana mwembamba, suruali imembana hadi unamwonea huruma, akijiita Radi. Alipopanda jukwaani alikuta mbele yake wanawake tisa na wanaume wawili, kila mmoja na beseni magotini na kisu mkononi. Wanafunzi hawakuja. Timu ya chuo ilikuwa inacheza mpira na watani wao wa jadi, na hata katibu wa burudani alishatoroka kwenda uwanjani.

Radi akaimba hivyo hivyo. Alirukaruka, akapiga magoti, akatikisa nywele. Wapishi waliendelea kumenya. Saa moja ilipotimia, Radi akiwa katikati ya wimbo, Shangazi aliinuka, akajifuta mikono kwenye aproni, akachomoa plagi ya bendi na kuchomeka ya friji.

Spika zikafa. Kijana hakunyamaza. Aliumalizia wimbo kwa sauti yake tupu, akigongagonga gitaa kwa kiganja, na ndipo watu waliposikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wimbo wa mtu anayemwandikia mama yake barua na kuichana. Mpishi mmoja alilia, na asisingizie vitunguu, maana siku ile walikuwa na viazi tu. Baadaye Radi alikula sahani mbili bila kumtazama Shangazi usoni.

Miaka ikaenda. Radi akawa Radi mnayemjua, wa viwanja kujaa na picha ukutani. Shangazi akastaafu, akahamia kwangu, na hakuwahi kututajia habari hiyo hata siku moja. Tuliijua pale Radi mwenyewe alipohojiwa redioni, akamtaja "yule mama mpishi, Komando, aliyenikatia umeme". Chuo kilikuwa kinaandaa kumbukumbu ya miaka arobaini ya onyesho hilo. Wakamtafuta hadi wakampata.

Nilimpeleka mimi. Bwalo lilijaa. Mzee mmoja alisimulia kwamba siku ile alikosa hata pa kukanyaga. Profesa mstaafu akafuata, akasema yeye alikaa mstari wa mbele kabisa.

Shangazi akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Mstari wa mbele tulikuwa kumi na mmoja, na kila mtu alikuwa anamenya viazi. Wewe nani alikupa kisu?"

Watu wakacheka. Profesa akajikuna shingo. "Labda nilikuwa mstari wa pili."

"Wa pili kulikuwa na masufuria."

Radi alishuka jukwaani taratibu, tumbo mbele, kifaa cha kusaidia kusikia kikining'inia sikioni. Akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Afadhali umenenepa."

"Nilikuchukia mwaka mzima, mama."

"Najua. Lakini nyama haikuoza."

Akacheka hadi akatafuta kiti. Halafu akamuuliza kwa sauti ya chini kama siku ile aliupenda muziki wake. Shangazi alifikiri kidogo. "Ule wa mwisho niliupenda. Nyingine sikuzisikia, ulikuwa unazipigia kelele."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini alituficha miaka yote hiyo.

"Nimeficha nini? Ninyi mkinifuata mnauliza chakula kiko wapi."

Wiki iliyofuata aliniomba nimwekee nyimbo za Radi kwenye simu. Wa kwanza aliusikiliza kwa uso wa mtu anayekaguliwa meno, akaniambia nipunguze sauti. Nikapunguza. Akaniambia niongeze kidogo.