Sinema Isiyosema

Enzi zetu kule Bukavu sinema ilikuwa bubu, na wenye kelele tulikuwa sisi. Jumapili alasiri padri alitundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa parokia, mashine ikaanza kukoroma, na Wafaransa wa kale wakaanza kurukaruka juu ya mapaa: jambazi mwenye barakoa nyeusi, polisi wenye masharubu, binti aliyefichwa ndani ya pipa. Midomo ilicheza, sauti hakuna. Niliamini kabisa kwamba Wazungu wa zamani walizaliwa mabubu, Mungu akawapa usemi baadaye.

Maandishi ya Kifaransa yalipita upesi kuliko katekista wetu alivyoweza kuyasoma, kwa hiyo alijitungia. Filamu ilikuwa ileile, lakini Jumapili hii jambazi alikuwa amemtorosha mchumba wa mkuu wa polisi, Jumapili ijayo wawili hao walikuwa ndugu walionyonya ziwa moja. Akina mama wa nyuma, mama yangu akiwamo, walimsahihisha kwa sauti kwamba huyo ni shemeji yake. Ukumbi ulinuka jasho na karanga za kukaanga, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Sasa mama anaishi nasi huku ughaibuni, Saint Louis Park, katika apatimenti yenye runinga kubwa. Wanangu wawili wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, na Tate, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, alikuwa amechoka kutabasamia maneno asiyoyajua. Akawa anakula haraka na kujifungia chumbani. Iliniuma sana. Mtu amevuka vita na kambi za wakimbizi, aje anyamazishwe na wajukuu wake?

Jumamosi moja ya theluji nikatafuta kwenye simu filamu ya aina ile, nikaiweka kwenye runinga. Watoto wakanung'unika kwamba imeharibika, haina rangi wala sauti. Kizazi hiki, bila mlipuko wa kwanza hakijui kama filamu imeanza. Kisha jambazi akaning'inia kwenye bomba la maji, ghorofani juu kabisa, bila kompyuta ya kumsaidia. Wakainama mbele kwenye kochi. Mama naye akatoka chumbani, akajipenyeza katikati yao.

Binti yangu Furaha alimtazama yule mtu akipayuka bila sauti, akanigeukia. Nikafunga mdomo kwa makusudi. Akamgeukia bibi yake.

"Tate, yeye nasema nini?"

Mama hajui Kifaransa hata kidogo. Akajiweka sawa kwenye kochi.

"Anasema mama yake eko anamungojea ku nyumba, asikawiye."

Furaha akauliza tena, na tena, kwa Kiswahili chake kilichopinda, na mama akajibu kila mara. Ndugu zangu wa rika langu, zamani tulijaa ukumbini tukibishana, wala hatukuwaza kwamba lugha inaweza kumpotea mtu ndani ya nyumba yake. Leo tuko wanne tu kwenye kochi, nami naomba filamu isiishe.