Ukuta wa Matofali Kabla ya Wageni wa Chelangat

Harufu ya tofali lililolowa haifanani na ya udongo uliolowa. Ina moshi ndani yake, kama jivu lililomwagiwa maji, na mwanzoni mwa miaka ya tisini ilijaa sebuleni kwetu Boito msimu mzima wa mvua. Gata, ule mfereji wa maji ya paa, ilikuwa imezibwa na majani. Maji yakafurika, yakapita chini ya bati na kuteremka ukutani, pale hasa penye viti vya wageni. Yalipokauka yaliacha michirizi ya rangi ya majani chai na, kando yake, unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Ladha naijua kwa sababu niliulamba.

Ukuta huo haukuwa na plasta. Baba aliyachoma matofali yale mwenyewe, kwa udongo wa bondeni chini ya shamba letu la chai, na kila mgeni alisimuliwa hivyo. Sasa wageni wakubwa walikuwa wanakuja: watu wa kijana aliyetaka kumwoa dada yangu Chelangat. Mama alijua mashangazi wa bwana harusi huangalia nini. Wasingesema neno; wangerudi kwao na kusema binti ametoka katika nyumba inayooza. Dada wa Baba, tuliyemwita Senge, alishauri tupake chokaa ukuta mzima. Baba alikataa bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiibadilishia betri.

“Basi uosheni kama kibuyu,” Senge akasema.

Kwetu kibuyu cha maziwa husafishwa kwa maji moto na sosiot, brashi ya ufito wa mtende uliopondwa ncha. Mimi na Chelangat tulisugua mchana kutwa, na jioni ukuta ulipendeza. Asubuhi unga ulikuwa umerudi, mwingi kuliko kwanza. Tukaosha tena, ukarudi tena. Chelangat akasema labda ukuta hautaki aolewe. Mama hakucheka. Alichuchumaa akatazama unga ulivyokuwa mzito chini, pale maji ya ndoo zetu yalipotuama.

“Sisi ndio tunaulowesha ukuta, nao unatoa unga,” akasema. “Wekeni ndoo chini.”

Baba alizibua gata na kupigilia bati. Madirisha yalibaki wazi mchana, jiko la makaa likawaka karibu na ukuta, nasi tukala tumevaa sweta. Mama aliweka shavu kwenye tofali kila siku, na lilipoacha kuwa baridi akatugawia sosiot kavu. Tulianzia juu kwenda chini, karai likiukinga unga, tukaumwaga nje ya ua ili usirudi sakafuni. Kwa ile michirizi Mama alikamua limau katika maji, akajaribu kwanza nyuma ya kabati, kisha akapangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Ilififia, haikuisha.

Siku yenyewe Senge alitundika kitambaa cha kufuma juu ya doa. Mama akakitoa. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliketi palepale penye doa, akapitisha kiganja ukutani.

“Hapa palivuja,” akasema.

Senge alitazama ndani ya kikombe chake.

“Palivuja,” Mama akajibu. “Tukaosha vibaya, halafu tukajifunza kukausha.”

“Kwetu tulipaka rangi. Kila mvua inabambuka. Itabidi mtuambie mlifanyaje.”

“Chelangat atawaonyesha.”

Ndivyo dada yangu alivyojua kwamba Mama amekubali aende.

Siku hizi naishi Kapkatet, katika nyumba yenye plasta laini. Maji yakipenya, fundi huja na ndoo ya rangi, tunafurahi, na msimu unaofuata rangi huvimba palepale. Mwaka jana niliibandua hadi kwenye tofali, nikafungua madirisha, nikampigia Chelangat simu kumwomba sosiot. Alileta mbili. Aliweka shavu lake ukutani, akatikisa kichwa, akanirudishia mkononi kikombe cha chai nilichokuwa nimekiweka chini ili nianze kusugua.

“Bado,” akasema, akaketi kusubiri pamoja nami.